Vita Haviingii Mezani

Muhima ni mteremko. Barabara inatoka katikati ya jiji la Kigali, inapita hospitali, inashuka hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Na anayegeuza uso upande wa bonde la Kinamba anakiona kilima cha Gisozi, walikozikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Huku juu liko kanisa la Sainte-Famille, na kando yake Kituo cha Saint Paul, ambako usiku wa kuamkia Juni 17, 1994 askari wa RPA, jeshi la chama cha waasi cha RPF, walipenya ndani ya eneo lililoshikwa na jeshi la serikali wakawatoa mamia ya watu waliokuwa wamejificha. Mji uliobeba mambo hayo hauhitaji kufundishwa kukumbuka. Namna ya kukumbuka, hata hivyo, inajadilika, na hapa nataka kutetea namna moja ambayo wengi huiona mchezo wa watoto: kuchonga tukio la vita kwa sanamu ndogo, za urefu wa kidole, juu ya kibao kinachotosha meza, na hasa tukio la urafiki wa askari na msiba unaoukatiza. Naitetea kwa sharti. Fani hii inaweza kusema kweli kuhusu jambo lililotokea kati ya watu wawili au watatu. Ikijaribu kubeba vita vizima, inaanza kudanganya.

Kwanza ufundi wenyewe, kwa sababu hoja imo ndani yake. Fani huitwa dayorama, na si kuunganisha tu vipande vya plastiki kutoka kwenye boksi. Boksi zinazouzwa duniani nyingi ni za Wajerumani na Wamarekani wa Vita Kuu ya Pili. Anayemtaka mwanajeshi wa Kiafrika wa mwaka 1994, mwenye bereti ya bluu ya Umoja wa Mataifa, hana budi kumfinyanga mwenyewe. Kipimo kilichozoeleka ni 1:35, kilichoenezwa na kampuni ya Tamiya ya Japani tangu miaka ya 1960. Kwa kipimo hicho mtu wa sentimita 175 anakuwa na urefu wa sentimita 5 kamili, na kila milimita ya fundi ni sentimita tatu na nusu za dunia. Kazi huanza na waya mwembamba wa shaba. Fundi anaukunja kuwa uti wa mgongo, nyonga, magoti na mabega, na kabla hajaongeza chochote anautazama. Kama waya mtupu hauonyeshi kwamba mtu huyu amechoka, nyama na nguo hazitaonyesha kwa niaba yake. Kisha inakuja gundi ya kukanda ya sehemu mbili, jamii ya ile ambayo mafundi bomba huzibia nyufa. Ikichanganywa hubaki laini kwa saa moja au mbili, halafu haikubali tena kidole. Hupakwa tabaka kwa tabaka: kifua kwanza, kikikauka suruali, baadaye mifuko na mikunjo. Zana ni sindano, kijiti cha meno, wembe, na maji kidogo ili gundi isinate kwenye chuma. Kichwa huchongwa peke yake juu ya kijiti, maana jicho zima halifiki upana wa milimita moja.

Ugumu mkubwa wa kazi hii, hata hivyo, hautokani na udogo. Unatokana na uzito. Sanamu ya sentimita tano haina uzito wa kumsumbua yeyote. Ukiibebesha nyingine mabegani, waya utashikilia tu, hata kama aliyebeba amesimama wima kabisa. Mwili wa kweli haufanyi hivyo. Anayembeba mtu mzima begani huinamia upande wa pili, goti la mbele hujikunja, nyonga hutoka nje, shingo hutafuta pa kupita. Naye anayebebwa, kama amekufa, shingo yake haijishiki, vidole havifumbi, na nyayo zake huangukia nje. Fundi lazima aulazimishe waya uigize uzito usiokuwepo. Hapo ndipo mchongaji anapojulikana kama amewahi kuwatazama watu au amewahi kutazama sanamu tu. Peter Corlett wa Australia aliufaulu mtihani huo kwa vipimo vikubwa: huko Fromelles, kaskazini mwa Ufaransa, sanamu yake ya shaba iliyozinduliwa mwaka 1998 inamwonyesha sajini aliyembeba askari majeruhi mabegani, tukio la Julai 1916, baada ya mapigano ya usiku mmoja yaliyoua na kujeruhi Waaustralia zaidi ya 5,500. Angeweza kuonyesha mashambulizi, bendera, maelfu wakisonga mbele. Alichukua wawili. Miaka tisa kabla yake, kwa ajili ya makumbusho ya vita ya Canberra, alikuwa ametengeneza dayorama yenye mtu mmoja tu, askari aliyeketi kwenye tope.

Tuweke kando ya Corlett mfano wa kinyume chake. Luteni William Siborne wa jeshi la Uingereza aliagizwa mwaka 1830 atengeneze modeli ya uwanja wa Waterloo, mahali Napoleon aliposhindwa Juni 18, 1815. Alikaa miezi minane palepale uwanjani akipima kila tuta na kila ua wa shamba. Aliwaandikia barua maafisa walionusurika, akimwuliza kila mmoja kikosi chake kilisimama wapi na shamba lilikuwa na zao gani mwishoni mwa siku ile. Kwa bidii ya kukusanya ushahidi sijui wa kumlinganisha naye. Modeli ilipoonyeshwa London mwaka 1838 ilikuwa na sanamu zaidi ya 70,000, kila moja ndogo kuliko ukucha. Ndipo ugomvi ukaanza. Ushahidi wake ulionyesha kwamba jeshi la Prussia lilikuwa limekwisha kuingia vitani kwa nguvu saa ile aliyoichagua kuionyesha, jambo ambalo Duke wa Wellington, aliyewaongoza Waingereza siku ile, na watu wake hawakulipenda kwa kuwa lilipunguza utukufu wa Waingereza. Siborne alibanwa hadi akawaondoa Waprusi kwa maelfu. Modeli ipo hadi leo katika makumbusho ya jeshi huko London, na mtu anayeitazama anaona uwanja mzuri wa kijani wenye nukta za rangi. Hakuna askari hata mmoja ambaye mtazamaji atamkumbuka akitoka mlangoni. Hasara ni mbili basi: wingi umemficha kila mmoja, na wingi huohuo umewapa wakubwa sababu ya kuingilia, kwa sababu modeli ya vita vizima ni dai la nani alishinda. Modeli ya watu wawili haimpi waziri wala jenerali kitu cha kugombania.

Sanamu kubwa za kanda yetu zimeteseka kwa ugonjwa huo wa kudai. Dar es Salaam, mahali palipo na Sanamu ya Askari leo, Wajerumani walisimamisha mwaka 1909 mnara wa gavana wao Hermann von Wissmann. Yeye juu, na chini miguuni pake askari wa Kiafrika aliyeinua macho kumtazama. Huo nao ulikusudiwa kuwa picha ya udugu wa vitani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulisafirishwa hadi Uingereza, kisha ukasimamishwa Hamburg mwaka 1922, na wanafunzi wa huko wakauangusha mwaka 1967, na tena mwaka 1968 usirudi. Waingereza nao waliweka mwaka 1927 askari wa shaba wa James Alexander Stevenson, peke yake, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Ni kazi nzuri, na siipuuzi. Lakini yule askari ni kila mtu na si mtu. Hana mwenzake, hana aliyempoteza, wala huwezi kujua kama katika vita vile vya Afrika Mashariki aliona wapagazi wakifa kwa njaa na kuhara pembeni mwa njia, ingawa walikufa kwa makumi ya maelfu. Mnara wa jiji ni kazi ya serikali, na serikali inahitaji askari asiye na jina ili jina lake liweze kuwa la wote. Hilo ni hitaji halali. Ila halifundishi urafiki ulikuwaje.

Kigali ina minara ya aina zote mbili, na ndiyo sababu ni mahali pazuri pa kuupima mjadala huu. Katika jengo la Bunge, Kimihurura, yapo Makumbusho ya Kampeni dhidi ya Mauaji ya Kimbari, yaliyofunguliwa Desemba 2017. Hapo ndipo walipokaa askari 600 wa RPA walioingia mjini Desemba 28, 1993 kwa mujibu wa mkataba wa amani wa Arusha kati ya serikali na RPF. Juu ya paa kuna sanamu ya askari na bunduki ya rasharasha ya milimita 12.7, na nje kuna sanamu za askari wakiwaokoa raia. Ni sanamu za taifa, zinazoonekana kutoka mbali, zinazosema nani alisimamisha mauaji. Camp Kigali ni tofauti kabisa. Aprili 7, 1994 askari kumi wa miamvuli wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana walinyang'anywa silaha, wakapelekwa katika kambi hiyo na kuuawa. Ukumbusho wao ni nguzo kumi za mawe, na kila nguzo imekatwa mikato midogo kwa idadi ya miaka aliyoishi mwenye nguzo yake. Hakuna uso wala bunduki. Anayetaka kujua lazima asogee, ainame, ahesabu. Mchongaji wa dayorama akitafuta mwalimu Kigali, aanzie hapo: udogo wa alama unamlazimisha mtazamaji afanye kazi, na kazi hiyo ya kuhesabu ishirini na kitu ndiyo inayomfanya mmoja kati ya kumi awe mmoja.

Ikiwa basi mtu atachonga tukio moja la urafiki na msiba wa vita kutoka Kigali, achonge lipi? Nadhani jibu lipo, na linamhusu mgeni. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal alikuwa mwangalizi wa kijeshi wa UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoongozwa na Jenerali Roméo Dallaire. Waangalizi hawakubeba silaha. Siku ileile ya Aprili 7 aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu aliyeuawa, akawafikisha Hôtel des Mille Collines. Kwa wiki zilizofuata aliendesha gari la Umoja wa Mataifa kupita bariyeri baada ya bariyeri, vizuizi vya barabarani vya wauaji, akiwa amewaficha watu, wachache wachache kila safari, kinyume cha amri zilizokataza kuingilia. Waliookolewa naye wanahesabiwa kwa mamia, na wapo wanaosema walikaribia elfu moja. Silaha yake ilikuwa mdomo: mzaha, kicheko, sigara, wakati mwingine fedha. Mei 31, 1994, akiwa amebeba ujumbe wa mkuu wa jeshi la serikali kwenda kwa Dallaire, alisimama kwenye bariyeri, kombora likaanguka karibu, kipande chake kikampiga kichwani kutoka nyuma. Alikuwa na miaka 36. Miaka ishirini baadaye, Mei 2014, Baraza la Usalama lilianzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake, na familia yake ikaipokea ya kwanza mwaka 2016.

Kuna tukio moja baada ya kifo hicho ambalo halina budi kumsimamisha mchongaji. Kikosi kilikuwa kimebaki bila vifaa, na hapakuwa na hata mfuko wa kuwekea maiti ya afisa. Mfanyakazi wa misaada wa Umoja wa Mataifa, Gregory Alex, alisimulia baadaye kwenye televisheni jinsi wenzake walivyochukua shitingi ya bluu, ileile wanayogawiwa wakimbizi kuezekea vibanda, wakaikunja kumfunika. Na jinsi mikunjo ilivyokataa kukaa vizuri kwa sababu kapteni alikuwa na miguu mikubwa. Watu wazima, katikati ya mji unaochinjwa, wanahangaika na pembe ya plastiki iliyogoma kunyooka. Hakuna adui katika tukio hilo, wala bunduki, wala uso wa marehemu. Kuna mikono, turubai na miguu. Wote wanatosha kwenye kibao cha sentimita ishirini.

Wengi wangechagua tukio la bariyeri: kapteni amecheka, anatoa sigara, kijana mwenye panga ananyoosha mkono, na nyuma ya kiti cha gari kuna mtu aliyelala chini ya kitambaa. Lina mvutano, lina hadithi, na kwa fundi lina raha zake. Sigara kwa kipimo cha 1:35 ni unene wa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, na kuiweka kati ya vidole viwili visivyofika milimita moja ni kazi ya kujivunia. Mimi nisingelichagua. Katika lile la bariyeri mtazamaji anajua mwisho, anatabasamu pamoja na shujaa, na yule mwenye panga anageuka kuwa mtu wa kuchekesha aliyepumbazwa kwa sigara. Ukweli ni kwamba aliua kabla ya sigara na huenda aliua baada yake. Udogo una tabia ya kupendezesha, na mambo mengine hayastahili kupendezeshwa. Tukio la shitingi halina mahali pa tabasamu kuingilia. Linaonyesha urafiki ukiwa umefikia mahali usipoweza tena kufanya lolote, isipokuwa kukunja vizuri.

Na kiufundi ni gumu kuliko linavyoonekana, jambo ambalo pia nalihesabu upande wake. Turubai la kawaida la wakimbizi ni mita nne kwa tano. Kwa kipimo chetu ni sentimita kumi na moja na nusu kwa kumi na nne. Hapo hakuna shida. Shida ni unene. Karatasi ya daftari, ikiwa na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, inawakilisha kitu chenye unene wa milimita tatu na nusu, yaani zulia. Kitambaa cha pamba ndicho kibaya zaidi, hakikunjiki bali kinajikunyata. Foili ya jikoni inakaribia: unene wake ukikuzwa mara 35 unapata karibu nusu milimita, bado nene kuliko plastiki yenyewe, lakini jicho linakubali, na foili ina sifa ya kushika mkunjo uliopewa. Fundi anaifinya kidogo kidogo kwa kijiti juu ya umbo la mwili uliokwisha kauka, ili magoti na kifua visomeke chini yake. Miguuni anaiacha ikaidi: pembe moja imesimama, nyingine imeteleza, na mkono wa mmoja wa waliopiga magoti umeishika bila kujua iende wapi. Rangi nayo ina mtego wake. Mwanga haupungui pamoja na sanamu. Taa ya chumba haiwezi kutia kivuli cha maana ndani ya mkunjo wa nusu milimita, kwa hiyo kivuli lazima kipakwe kwa brashi, bluu iliyozimwa kwa kahawia chini ya kila mkunjo na bluu iliyopaushwa kwenye kingo. Ngozi za watu vilevile. Kosa la kila siku la wanaopaka Waafrika ni kuchukua uso wa Mzungu uliokwisha chongwa na kuupaka kahawia moja bapa. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwenye paji la uso na kwenye shavu kwa ubaridi, na vivuli vyake huelekea wekundu au zambarau. Fundi anayeishi Kigali anaweza kuyathibitisha hayo bila kutoka nje ya mtaa wake.

Sasa pingamizi, na la kwanza ndilo la haraka zaidi: kwamba kuchonga vijitu vya vita ukiwa ng'ambo ya bonde kutoka Gisozi ni utovu wa adabu. Nalielewa. Lakini Gisozi yenyewe, kituo kilichofunguliwa mwaka 2004, haikuogopa mchongaji. Ndani ya maonyesho yake zimo sanamu za mbao za Laurent Hategekimana, Mnyarwanda, na hakuna anayeziita mchezo. Kinachotofautisha kumbukumbu na kichezeo ni kile ambacho mtu anaweza kukifanya nacho, wala si ukubwa. Kichezeo kinaweza kupangwa upya: leo huyu anashinda, kesho yule. Dayorama ya shitingi imeshikiliwa na gundi, haipangiki, na aliyekwisha kufa hafufuki kwa mchezo unaofuata. Nakubali, hata hivyo, kwamba sehemu kubwa ya fani hii duniani ni vifaru vinavyometa na askari wa Hitler waliovishwa vizuri kuliko walivyostahili. Pingamizi linawapata hao barabara.

La pili ni zito, na ndilo ninaloliheshimu. Urafiki wa vitani si wema. Waliosimama kwenye bariyeri mwaka 1994 nao walikuwa marafiki. Waligawana bia, walifunikana makosa, walilia wenzao walipokufa. Ukichonga mmoja wao akimbeba mwenzake aliyejeruhiwa, magoti yatajikunja vilevile, uzito utaonekana vilevile, na mtazamaji asiyejua atahuzunika vilevile. Basi je, fani inayofanya huzuni ya muuaji ifanane na huzuni ya mwokozi ina faida gani? Jibu langu ni kwamba pingamizi hili linaangusha sanamu za urafiki zisizo na jina, na ziangushwe. Kibao chenye askari wawili wa jeshi lolote, wamekumbatiana, kikiitwa Ndugu wa Vitani, ni pipi. Kinachookoa ni uhakika wa tukio: huyu ni nani, tarehe ipi, na urafiki wao ulimtumikia nani. Shitingi inafanya sehemu ya kazi hiyo bila maandishi, kwa kuwa ni mali ya wakimbizi. Aliyetumia wiki zake za mwisho kuwasafirisha watu wanaowindwa anafunikwa kwa paa la watu hao. Sehemu iliyobaki ifanywe na maandishi mafupi ubavuni mwa kibao, na fundi asione aibu kuyaweka. Wapo mafundi wanaoamini kazi ikihitaji maneno imeshindwa. Kwa historia ya Rwanda sikubaliani nao hata kidogo.

Wengine watasema: hakuna picha ya tukio hilo inayojulikana na wote, basi fundi atabuni nani alipiga magoti upande gani, na kubuni juu ya wafu ni uongo. Siborne anasaidia hapa. Yeye alikuwa na barua kwa mamia, na bado modeli yake ilipotoshwa, si kwa upungufu wa ushahidi bali kwa ukubwa wa dai. Dai la dayorama yetu ni dogo: mwili, shitingi, wenzake, miguu. Hayo yana msimuliaji wake aliyekuwepo. Mengine, kama sakafu au idadi ya waliosaidia, fundi ayapunguze hadi yasiyoepukika; kibao kiwe kitupu kuliko kujazwa matofali ya kukisia. Kanuni hiyo inakwenda kinyume na mazoea ya fani, ambayo hupenda kujaza kila kona kwa takataka, maganda ya risasi na majani makavu. Lakini maganda ya risasi yangekuwa ndiyo uongo hasa.

Limebaki swali linaloulizwa kwa haki na Wanyarwanda wenyewe: kwa nini Msenegali? Umoja wa Mataifa uliikimbia nchi hii. Aprili 21, 1994 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 912, lilikipunguza kikosi hadi watu 270, mauaji yakiwa yameshika kasi. Kwa nini kibao kimoja tulichonacho kipewe afisa wa Umoja huo, wakati hapa hapa kwenye mteremko askari Wanyarwanda wa RPA walihatarisha maisha kwenda Saint Paul, na Padri Célestin Hakizimana, ambaye leo ni askofu wa Gikongoro, alikuwa amewahifadhi watu mle ndani kwa wiki kadhaa? Sina ubishi kwamba Saint Paul ni tukio kubwa zaidi. Ndilo tatizo lake mbele ya fundi. Ni usiku, ni mamia ya watu katika msururu, ni askari wanaohesabiwa kwa kikosi. Ukiliweka mezani unarudi kwa Siborne, nukta gizani. Tukio hilo linadai ukuta, filamu, kitabu, au sanamu za ukubwa wa mtu kama zile za Bungeni. Siku mmoja wa waliokuwemo atakapotoa jambo la watu wawili kutoka usiku ule, mkono ulioshikwa, kiatu kilichoachwa, fundi atakuwa na kazi. Na kumchonga Diagne hakuusafishi Umoja wa Mataifa. Anayeuliza kwa nini afisa wake alifunikwa kwa turubai la wakimbizi amekwisha kuanza kuuliza kikosi kiliachwa na nini.

Pa kukiweka kibao kama hicho ni suala lingine, na hapa matumaini yangu ni ya kadiri. Makumbusho hupenda kitu kinachoonekana na basi zima la wageni kwa mara moja. Kibao cha sentimita ishirini kinatazamwa na mmoja au wawili, tena kwa kuinama. Maktaba ya shule ingekifaa, ndani ya kisanduku cha kioo, kwa kimo cha macho ya mtoto wa miaka kumi na mitano. Gharama haizuii: waya, gundi, foili na vikopo vichache vya rangi ya maji. Kinachozuia ni mafundi. Waliokuwa wakichonga mbao na kufua vyuma katika karakana za Gakinjiro walihamia Gisozi, kazi yao ni milango, vitanda na mageti, na mikono yao inaweza kabisa kazi hii kama ingekuwepo soko au hata shindano la shule moja. Kabla ya hapo kuna ruhusa. Mke wa kapteni na watoto wake wapo Senegal, na wenzake waliokunja shitingi wana familia zao. Tukio nililolichagua lina unafuu huu kwamba uso wa marehemu umefunikwa, hakuna haja ya kukisia sura yake kwa milimita saba. Na waliopiga magoti wanaweza kugeuzwa migongo kwa mtazamaji. Miguu, hata hivyo, itabidi ipimwe vizuri, na anayejua kipimo chake hasa ni familia.